A.V. Hill: Mwanasayansi aliyepima pumzi ya mkimbiaji

Mwanariadha anakimbia juu ya mashine akiwa amevaa barakoa inayofunika pua na mdomo, huku mtaalamu akifuatilia tarakimu kwenye kompyuta. Ni jambo la kawaida sasa katika maabara za michezo za vyuo vikuu, Ulaya, Marekani na hata Afrika. Kinachotafutwa ni kiwango cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili wa mkimbiaji unaweza kutumia kwa dakika moja.

Kipimo hicho kina historia ya zaidi ya miaka 100. Katika makala hii tunayaangazia maisha ya Archibald Vivian Hill, Mwingereza aliyekiingiza katika sayansi ya michezo, akashinda Tuzo ya Nobel, kisha akakubali hadharani kwamba sehemu kubwa ya nadharia yake ilikuwa imepitwa na ushahidi mpya.

Kutoka hesabu hadi misuli ya chura

Hill alizaliwa Septemba 26, 1886 katika mji wa Bristol, kusini magharibi mwa Uingereza. Baba yake aliiacha familia Hill akiwa bado mtoto mdogo, na mama yake ndiye aliyemlea yeye na dada yake. Kipaji chake cha hesabu kilimfikisha Chuo Kikuu cha Cambridge, ambako mwaka 1907 alishika nafasi ya tatu katika mtihani mgumu wa shahada ya hesabu.

Hakubaki kwenye hesabu. Mwalimu wake, Walter Fletcher, alimvuta kuelekea fiziolojia, yaani elimu ya namna mwili unavyofanya kazi. Mwaka huohuo wa 1907 Fletcher na Frederick Gowland Hopkins walikuwa wameonyesha kwamba msuli wa chura unaofanyishwa kazi bila oksijeni hujaa asidi ya laktiki, na kwamba oksijeni ikirudi asidi hiyo hupungua.

Hill alichagua kupima joto. Msuli unapojikunja hutoa joto dogo mno, la elfu chache za nyuzi moja ya Selsiasi, na ilibidi vifaa vyake viwe na uwezo wa kulinasa. Alitaka kujua joto hilo linatoka lini: wakati msuli unavuta, au baadaye unapojirudisha katika hali yake ya kawaida? Aligundua kwamba linatoka kwa awamu mbili, na kwamba awamu ya pili, ya kujirudisha, ndiyo inayohitaji oksijeni.

Mwaka 1913 alimwoa Margaret Keynes, dada wa mchumi maarufu John Maynard Keynes. Vita Kuu ya Kwanza ilimtoa maabara, akaongoza kundi la wanahesabu na wanasayansi walioboresha ulengaji wa mizinga ya kutungulia ndege. Vita vilipomalizika alirejea kwenye misuli, na mwaka 1920 akawa profesa wa fiziolojia mjini Manchester.

Mtafiti akawa mtu wa majaribio

Tofauti ya Hill na wengi wa wakati wake ni kwamba hakuishia kwa chura. Yeye mwenyewe alikuwa mkimbiaji tangu shuleni, na alitaka kujua kama kinachotokea katika msuli uliokatwa na kuwekwa mezani hutokea pia ndani ya mtu anayekimbia.

Akiwa na Hartley Lupton na wenzake wengine, alikimbia kuzunguka uwanja wa nyasi akiwa amebeba mfuko mgongoni. Hewa aliyoitoa mdomoni iliingia kwenye mfuko huo, kisha ikapimwa ili kujua ametumia oksijeni kiasi gani. Kadiri alivyoongeza kasi ndivyo oksijeni ilivyoongezeka, hadi alipofika takriban lita 4 kwa dakika. Baada ya hapo, kwa hitimisho lake, kasi iliweza kupanda lakini oksijeni haikupanda tena.

Basi nguvu ya ziada ilitoka wapi? Hill alijibu kwa lugha ambayo hata mfanyabiashara wa duka angeielewa: mwili hukopa. Mkimbiaji anayezidi uwezo wake wa kuvuta oksijeni huingia katika deni, na hulilipa baada ya kusimama, ndiyo maana huendelea kuhema kwa nguvu ingawa miguu imetulia. Istilahi ya deni la oksijeni ilienea haraka kwa makocha na walimu wa michezo.

Tuzo ya Nobel ya fiziolojia au tiba ya mwaka 1922, iliyotolewa mwaka 1923, ilikwenda kwa watu wawili: Hill kwa kazi yake kuhusu joto la misuli, na Mjerumani Otto Meyerhof kwa kueleza uhusiano kati ya oksijeni na asidi ya laktiki. Mwaka huohuo wa 1923 Hill alihamia Chuo Kikuu cha London, katika kitivo kinachojulikana kama University College.

Mwaka 1927 alialikwa katika Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani. Huko aliwafunga wakimbiaji wa mbio fupi kipande cha chuma cha msumeno kilichotiwa sumaku, akapanga koili za waya kando ya njia. Kila mkimbiaji alipopita koili, umeme mdogo ulizuka na kurekodiwa, hivyo Hill akaweza kuona jinsi kasi inavyopanda na kushuka ndani ya mbio moja.

Nadharia ilipotikisika

Kwa miaka kadhaa ilionekana kama kila kitu kimepata maelezo. Asidi ya laktiki ndiyo iliyodhaniwa kuufanya msuli ujikunje. Kisha mwaka 1930 Einar Lundsgaard, mtafiti wa Denmark, alionyesha kwamba msuli uliowekewa sumu inayozuia kutengenezwa kwa asidi hiyo bado unaweza kujikunja kwa muda. Kwa maneno mengine, asidi haikuwa chanzo cha mjikunjo.

Wapo wanasayansi ambao wangetafuta kasoro katika kazi ya kijana huyo ili kuilinda tuzo yao. Hill alichagua njia nyingine. Mwaka 1932 aliandika makala akiyaita mabadiliko hayo mapinduzi katika elimu ya misuli, na akaanza upya. Miaka sita baadaye, mwaka 1938, alitoa utafiti kuhusu uhusiano kati ya nguvu ya msuli na kasi yake, ambao hadi leo hufundishwa kwa wanafunzi wa sayansi ya michezo.

Wanasayansi waliofukuzwa

Adolf Hitler alipoingia madarakani mwaka 1933, wasomi wa Kiyahudi walianza kufukuzwa katika vyuo vikuu vya Ujerumani. Hill alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa baraza la Uingereza lililowatafutia kazi na hifadhi, pamoja na William Beveridge na mwanafizikia Ernest Rutherford. Hill aliushutumu utawala huo waziwazi, hata akajibizana katika jarida la Nature na Johannes Stark, mwanafizikia wa Ujerumani mwenye Tuzo ya Nobel aliyeutetea.

Mwaka 1935 kijana Bernard Katz aliwasili kutoka Leipzig na kupokelewa katika maabara ya Hill. Miaka 35 baadaye Katz naye alipata Nobel. Meyerhof, aliyegawana tuzo na Hill, alilazimika kuondoka Ujerumani mwaka 1938, akapitia Ufaransa na hatimaye kufika Marekani. Hill mwenyewe aliingia Bungeni mwaka 1940 akiwakilisha Chuo Kikuu cha Cambridge, na akabaki huko hadi 1945. Alifariki Juni 3, 1977 mjini Cambridge akiwa na umri wa miaka 90.

Kwa nini anatuhusu leo?

Kwanza, kipimo chake kilifika Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1990 watafiti wakiongozwa na Bengt Saltin wa Sweden waliwalinganisha wakimbiaji wa Kenya na wa Skandinavia. Kiwango cha juu cha oksijeni cha Wakenya bora hakikuwazidi wenzao. Walichowazidi ni kutumia oksijeni kidogo zaidi kwa kasi ileile, kama gari linalokwenda mbali kwa mafuta machache. Kipimo cha Hill kilisaidia, lakini peke yake hakikutosha.

Pili, mjadala aliouanzisha haujafungwa. Hill na wenzake walidhani kuna utaratibu wa mwili unaozuia moyo usizidiwe wakati wa mbio. Timothy Noakes wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, alilifufua wazo hilo akisema ubongo ndio unaodhibiti, na wataalamu wengine wakampinga vikali.

Tatu, na hili linagusa afya ya wanariadha wetu moja kwa moja, bado tunasikia viwanjani kwamba maumivu ya misuli siku moja au mbili baada ya mazoezi yanaletwa na asidi ya laktiki. Sivyo. Laktiki iliyoongezeka kwenye damu hurudi katika hali ya kawaida ndani ya saa moja hivi, na mwili huitumia kama nishati. Maumivu ya kesho yake huhusishwa zaidi na michubuko midogo ndani ya misuli iliyofanyishwa kazi isiyoizoea, kama vile kukimbia kuteremka mlima.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Kocha anayeamini kwamba maumivu ni asidi ya kutolewa kwa jasho anaweza kumlazimisha kijana aongeze mzigo, wakati misuli yake inahitaji siku kadhaa za kupona. Hill alihitaji miaka miwili tu baada ya ushahidi wa Lundsgaard kukubali kubadilika. Viwanja vyetu vimechelewa, na gharama ya kuchelewa huko wanailipa wakimbiaji wenyewe.