Masinde na siku arobaini za mwizi

Wahenga walisema kwamba siku za mwizi ni arobaini. Methali hii huwafaa sana wezi wa kuku na wa ng'ombe, ambao aghalabu hunaswa kabla hesabu hiyo haijatimia. Lakini yuko mwizi wa namna nyingine, mwenye hati iliyopigwa muhuri mkononi, ambaye siku zake huhesabiwa kwa vizazi. Ndiye aliyemsumbua moyo Elijah Masinde wa Maeni, Kimilili, katika umri wake wote.

Masinde alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1910. Alipokuwa angali mtoto, mwaka 1919, serikali ya kikoloni iliendesha bahati nasibu mjini Nairobi, katika ukumbi wa Theatre Royal. Walioingia ni Wazungu waliotumikia Vita Kuu ya Kwanza, na kilichoshindaniwa ni mashamba zaidi ya 1,000. Miongoni mwa nchi zilizogawiwa hivyo ilikuwa Trans Nzoia, ambako Wasabaoti walilisha mifugo yao na ambayo Wabukusu nao huihesabu kuwa ya mababu zao. Mwafrika hakuwa na nafasi katika mchezo huo, hata yule aliyebeba mizigo ya vita hivyo hivyo katika Kariakoo. Mshindi aliliita jambo hilo bahati. Mwenyeji aliyejikuta skwota katika ardhi hiyo, akilima kwa ujira mdogo, alikuwa na jina jingine la kuliita.

Masinde angeweza kuyanyamazia hayo yote. Alilelewa katika kanisa la Friends. Alikuwa mchezaji hodari wa kandanda, aliyeichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Alikuwa pia tarishi wa baraza la Kavujai, kazi yenye mshahara na heshima yake. Mtu wa namna hiyo akikaa kimya hula vizuri. Yeye alichagua kusema. Mwaka 1944 aligongana na wakubwa juu ya kazi ya lazima, akashtakiwa, na mwaka uliofuata akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Ni ajabu ya dunia: aliyepata shamba kwa kuchomoliwa jina alihesabiwa mwenye akili timamu, na aliyeuliza shamba hilo lilikuwa la nani akahesabiwa kichaa.

Alitoka mwaka 1947, na Dini ya Msambwa ikapamba moto. Februari 1948 wafuasi wake walikusanyika katika misheni ya Wakatoliki ya Kibabii, wakiwataka wageni waondoke. Siku chache baadaye, tarehe 10, polisi walifyatua risasi kule Malakisi na watu 11 wakafa. Masinde alikamatwa mwezi huo huo, akahamishiwa Lamu, na hakurudi hadi mwaka 1961.

Hatumpaki mafuta marehemu. Wafuasi wa dini hiyo walilaumiwa kwa kuchoma majengo, na moto haumrudishii mtu haki yake. Anayechoma shule au kanisa huwaunguza watoto wa jirani yake, naye mwenye shamba kubwa halali njaa. Kudhulumiwa hakumpi mtu ruhusa ya kudhulumu.

Hata hivyo, swali la Masinde halikuzikwa pamoja naye mwaka 1987. Uhuru ulikuja mwaka 1963, naye akaendelea kuingia na kutoka gerezani chini ya serikali ya wananchi wenzake, na dini yake ikapigwa marufuku tena mwaka 1968. Wakati huo huo baadhi ya Waafrika wenye vyeo walikuwa wakijipatia mashamba makubwa aliyoyaacha Mzungu, na maskwota wengi wakabaki maskwota. Mwaka 2004 ripoti ya Tume ya Ndung'u ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria, yakiwamo mashamba ya Shirika la Maendeleo ya Kilimo. Safari hii hapakuwa na haja ya bahati nasibu. Bahati ya mtu ilikuwa kumjua mkubwa.

Hapa ndipo penye fundisho, ndugu msomaji. Wengi kati ya wale washindi wa 1919 hawakumnyang'anya mtu kwa mkono wao wenyewe. Waliletewa mali, wakaipokea, wala hawakuuliza imetoka wapi. Hilo nalo ni tendo, na lina hukumu yake. Bahati humletea mtu kitu mlangoni, lakini haimwondolei wajibu wa kumtafuta mwenyewe. Leo kijana anayeiba kuku sokoni Bungoma huweza kupigwa mawe na umati, ilhali mnyakuzi wa ekari mia hukaribishwa kiti cha mbele harusini na kanisani. Tukiendelea kumpisha kiti hicho, sisi wenyewe ndio tunaomwongezea siku juu ya arobaini zake.