Stagg: Mtu wa dini aliyehamia uwanjani

Ijumaa mbili zilizopita, tukiwa tunavaa viatu baada ya swala, mzee mmoja wa mtaani kwetu alinishika mkono akanieleza masikitiko yake. Kijana wake amechaguliwa kwenda chuo kusomea elimu ya michezo. Mzee anaona hiyo ni ada ya kutupwa, maana kwake mpira ni wa kuchezwa baada ya alasiri, si wa kusomewa. Akanitaka mimi, niliyefundisha michezo shuleni miaka mingi, nimwambie ukweli. Sikumjibu pale pale. Nilimwahidi nitaandika, na leo natimiza ahadi.

Ndugu msomaji, kila ninapoulizwa swali hili humkumbuka Mmarekani mmoja, Mkristo aliyekaribia kuwa mchungaji, Amos Alonzo Stagg. Alizaliwa mwaka 1862 huko West Orange, New Jersey, mtoto wa fundi viatu. Alipofika Chuo Kikuu cha Yale alipanga chumba cha darini kisichokuwa na moto wakati wa baridi, akawa anakula biskuti kavu mpaka mwili ukamgomea akaanguka. Inasemekana ndipo alipojifunza kuwa mwili nao una haki yake. Alikuwa mrushaji hodari wa besiboli, na timu za kulipwa zilimtaka kwa fedha ambazo baba yake hakuwahi kuziota. Alizikataa, kwa kuwa nia yake ilikuwa kuhubiri.

Tatizo ni kwamba hakuwa msemaji. Alisoma dini Yale, lakini akisimama mbele ya watu maneno yanamkimbia. Mwenyewe aliona kuwa kijana asiyemsikiliza mhubiri anaweza kumsikiliza mwalimu wa mchezo. Akaenda Springfield, Massachusetts, kwenye chuo cha kufundisha walimu wa aina hiyo, na huko akakutana na James Naismith, yule aliyebuni mpira wa kikapu. Katika mchezo wa kwanza kuonyeshwa hadharani, Machi 1892, wanafunzi waliwafunga walimu 5 kwa 1, na hilo moja la walimu alilifunga Stagg.

Mwaka huo huo William Rainey Harper, aliyekuwa amemfundisha Yale, alikuwa anafungua Chuo Kikuu cha Chicago kwa fedha za tajiri Rockefeller. Akamwita Stagg aongoze idara ya mazoezi na michezo, na akampa cheo cha uprofesa na ajira ya kudumu sawa na mwalimu wa historia au hesabu. Hilo lilikuwa jambo geni kabisa. Kocha wa zama zile aliajiriwa kwa msimu, akifungwa anafukuzwa, kama tunavyoona kwenye vilabu vyetu hadi leo. Stagg alikaa Chicago miaka 40.

Nidhamu yake ilikuwa ya kupigiwa mfano. Hakunywa pombe, hakuvuta sigara, hakutukana. Mchezaji akimuudhi mno, neno kali lililomtoka ni punda. Walimu wenzangu wa michezo wanaosoma safu hii najua wanacheka, maana tunayoyasema sisi pale uwanjani hayaandikiki.

Lakini nisimtie mzee asali tupu. Harper alitaka chuo chake kipya kijulikane haraka, na njia ya mkato ilikuwa ni ule mpira wa Kimarekani wa kubeba mkononi na kugongana vifua. Stagg akampa alichotaka. Mapato ya mlangoni yakawa makubwa, idara yake ikajiendesha yenyewe, na mara nyingi yeye alijibu kwa Harper moja kwa moja badala ya kupita kwa walimu wenzake. Aliandaa mashindano ya riadha ya shule za sekondari kuanzia 1902, na waliong'ara pale walishawishiwa waje Chicago. Mtu aliyekataa kulipwa kwa kucheza ndiye huyo huyo aliyejenga biashara ya mchezo chuoni. Sidhani alikuwa mnafiki. Nadhani hakuona ni wapi mstari ulipita, na katika kazi hii mstari huo haukai mahali pamoja.

Mwaka 1905 unaonyesha yote mawili. Mwaka huo gazeti la Chicago Tribune lilihesabu vijana 18 waliokufa nchini Marekani kwa sababu ya mchezo huo. Rais Theodore Roosevelt akawaita Ikulu viongozi wa Harvard, Yale na Princeton kuzungumzia ukatili wake. Na ndio mwaka ambao Chicago ilikutana na Michigan, timu iliyokuwa imecheza michezo 56 bila kufungwa. Walikuja watazamaji zaidi ya 25,000. Harper alikuwa mgonjwa wa saratani kitandani, akifuatilia kwa simu. Mchezo ulikwisha 2 kwa 0. Kijana wa Michigan, Denny Clark, aliudaka mpira nyuma ya mstari wa timu yake, akajaribu kukimbia nao badala ya kutulia, akasukumwa kurudi nyuma, na hizo ndizo pointi mbili zilizoamua. Chicago ikawa bingwa. Harper alifariki Januari 1906.

Clark aliandamwa na lawama. Mwaka 1932 alijiua, na magazeti yakalihusisha tukio hilo na mchezo ule wa miaka 27 nyuma. Nimelisoma hilo mara nyingi, na kila mara nawakumbuka vijana wangu walewale niliowakaripia mbele ya shule nzima kwa kukosa penalti.

Baada ya vifo vile kanuni zilibadilishwa, na Stagg akiwa ndani ya kamati. Mwaka 1906 pasi ya kurusha mbele ikaruhusiwa ili kupunguza msongamano wa miili, na vyuo vya ukanda wa Chicago vikapunguza michezo hadi mitano kwa msimu.

Mwaka 1932, alipotimiza miaka 70, rais kijana wa chuo, Robert Hutchins, alimstaafisha kwa mujibu wa kanuni ya umri. Alitengewa kazi ya heshima tu, isiyo na uwanja. Akaikataa, akahamia chuo kidogo cha Pacific huko Stockton, California, akaanza upya. Mwaka 1938 aliirudisha timu yake Chicago, kwenye uwanja wenye jina lake mwenyewe, wakaifunga Chicago 32 kwa 0. Mwaka uliofuata Michigan iliipiga Chicago 85 kwa 0, na Desemba 1939 Hutchins akaufuta mchezo huo chuoni. Mwaka 1943, akiwa na miaka 81, Stagg alichaguliwa kocha bora wa mwaka nchini Marekani.

Pacific nao wakamwona mzee. Mwaka 1947 alikwenda Pennsylvania kumsaidia mwanawe kufundisha Susquehanna, mpaka 1952 aliporudi Stockton kwa ajili ya mkewe Stella aliyekuwa anaugua. Bibi huyo kwa miaka mingi ndiye aliyemchorea ramani za michezo akiwa jukwaani. Akiwa amepita miaka 90, Stagg bado alikuwa anafundisha vijana wa chuo cha hapo mjini kupiga mpira kwa mguu. Alifariki Machi 1965, akiwa na miaka 102.

Na ule uwanja wake wa Chicago? Chini ya majukwaa ya magharibi, katika chumba kilichotumika kwa skwashi, Enrico Fermi na wenzake waliendesha kwa mara ya kwanza mtambo wa nyuklia tarehe 2 Desemba 1942, kazi iliyoelekea kwenye bomu. Majukwaa yalibomolewa mwaka 1957. Tangu 1970 mahali hapo pana maktaba kubwa ya chuo.

Mzee wangu, kijana wako mpeleke. Siku ya kwanza ya likizo muulize wanamfundisha nini juu ya mchezaji aliyekosea.