Tom Mboya na ndege zilizowavusha wana wa wakata hadi vyuo vikuu vya Marekani

MNAMO Septemba 1959, vijana 81 kutoka Kenya waliteremka kutoka kwenye ndege jijini New York, Marekani. Wengi wao walikuwa wana wa wakulima wadogo, makarani, walimu wa vijijini na vibarua. Nauli yao ilikuwa imelipwa kwa michango ya Wamarekani wa kawaida, na pesa za matumizi zilichangwa na wanavijiji waliouza mbuzi na ng'ombe, wakaandaa dansi na karamu za chai ili kijana wao asikose safari.

Mtu aliyeifanya safari hiyo iwezekane hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Hata masomo ya shule ya upili hakuyafikisha tamati, kwa sababu ya ukosefu wa karo. Jina lake lilikuwa Thomas Joseph Mboya, na wakati huo alikuwa na umri wa miaka 29.

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930, Kilima Mbogo karibu na Thika, katika shamba la mkonge lililomilikiwa na mlowezi. Babake, Leonardus Ndiege, alikuwa mnyapara katika shamba hilo, mbali na kwao kisiwani Rusinga katika Ziwa Victoria. Kwa kuwa alilelewa miongoni mwa vibarua wa makabila mbalimbali, Mboya alikua akizungumza Kikamba, Kikuyu na Kiswahili pamoja na Kijaluo cha wazazi wake. Baadaye Kiingereza chake kingewaacha vinywa wazi hata wapinzani wake, lakini ni hizo lugha za shambani zilizomwezesha kusikilizwa na mfanyakazi yeyote mjini Nairobi.

Alipelekwa katika shule ya misheni ya Wakatoliki huko Kabaa, Ukambani, kisha Shule ya St Mary's, Yala, na hatimaye mwaka 1946 akajiunga na Holy Ghost College, Mang'u. Alikuwa mwanafunzi mwerevu, mpenda mijadala na michezo ya kuigiza. Hata hivyo, mshahara wa mnyapara haungeweza kumsomesha yeye na wadogo zake kwa pamoja. Mboya alikatiza masomo na kutafuta mafunzo ambayo hayakudai karo. Mwaka 1948 aliingia chuo cha wakaguzi wa afya jijini Nairobi.

Alipofuzu, aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi mwaka 1951. Huko alionja shubiri ya ubaguzi. Mwafrika aliyefanya kazi sawa na ya Mzungu alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa mwenzake. Kuna kisa ambacho Mboya mwenyewe alikisimulia baadaye, kuhusu mwanamke Mzungu aliyeingia katika maabara akiwa na sampuli ya maziwa, akamtazama Mboya, kisha akauliza iwapo kulikuwa na mtu yeyote humo ndani. Mboya alimjibu kwa kumuuliza kama macho yake yalikuwa na kasoro. Kijana wa miaka ishirini na moja kumjibu mlowezi hivyo katika enzi hizo lilikuwa jambo la kuhatarisha riziki.

Badala ya kunyenyekea, aliongoza chama cha wafanyakazi Waafrika wa Baraza na kukigeuza kuwa chama kamili cha kutetea haki. Serikali ilipotangaza hali ya hatari Oktoba 1952 na kisha kupiga marufuku chama cha KAU mwaka 1953, vyama vya wafanyakazi vilibaki karibu uwanja wa pekee ambapo sauti ya Mwafrika ingesikika kihalali. Mwaka huo huo wa 1953, Mboya alichaguliwa kuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama hivyo. Makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma mwaka 1955, ni yeye aliyesimama kati yao na waajiri hadi nyongeza ya mishahara ikapatikana.

Mwaka huo alipata ufadhili wa kusoma kwa mwaka mmoja katika Chuo cha Ruskin, Oxford, Uingereza. Ruskin si chuo kama vingine. Kilianzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya wafanyakazi waliokosa nafasi ya kusoma ujanani: wachimba migodi, mafundi, wafanyakazi wa reli. Hapo Mboya alijionea kwamba mtu aliyechujwa na mitihani akiwa mtoto anaweza kuketi darasani akiwa mtu mzima, na akafaulu. Si rahisi kuamini kwamba funzo hilo lilimpita bure.

Nchini Kenya, hali ilikuwa kinyume kabisa. Njia ya Mwafrika kuelekea chuo kikuu ilikuwa nyembamba mithili ya tundu la sindano. Mtoto alichujwa kwa mtihani wa darasa la nne, akachujwa tena darasa la nane, kisha wachache waliobahatika kuingia shule za upili wakachujwa kwa mtihani wa Cambridge. Waliosalia waligombea nafasi haba katika Chuo cha Makerere, Uganda, ambacho kwa miaka mingi ndicho pekee kilichotoa elimu ya shahada Afrika Mashariki nzima. Chuo cha Kifalme cha Ufundi kilikuwa kimefunguliwa Nairobi mwaka 1956, lakini mkazo wake ulikuwa kwenye taaluma za ufundi na biashara, na nafasi zake hazikuweza kukidhi mahitaji.

Serikali ya kikoloni ilishikilia kwamba mpango huo ulitosha. Kwa mtazamo wake, wasomi walipaswa kuandaliwa polepole, wachache kwa wachache, na kiwango kisishuke. Vyuo vya Marekani vilidharauliwa kuwa hafifu. Hoja ya viwango ilikuwa na uzito kiasi, maana si kila chuo cha Marekani kilikuwa Harvard. Lakini chini ya hoja hiyo palifichika swali la madaraka. Nchi isiyo na wahandisi, madaktari, wanauchumi wala makatibu wa wizara haiwezi kudai uhuru kesho asubuhi. Aliyeshika ufunguo wa chuo kikuu alishika pia kalenda ya uhuru.

Mboya alilielewa hilo mapema. Alipozuru Marekani kwa mara ya kwanza mwaka 1956, alikutana na mfanyabiashara kijana, William Scheinman, ambaye alianza kulipa kutoka mfukoni mwake nauli za wanafunzi wachache wa Kenya waliokuwa wamekwisha kupata nafasi vyuoni. Machi 1957 Mboya alichaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria kuwakilisha Nairobi, na Desemba 1958 akaongoza kikao cha kongamano la watu wa Afrika yote jijini Accra, Ghana. Jina lake likavuma.

Aprili 1959 alirejea Marekani kwa ziara ya wiki kadhaa. Alihutubu katika ukumbi wa Carnegie jijini New York, akazungukia vyuo, makanisa na vyama vya wafanyakazi, akiomba kila chuo kitenge nafasi moja au mbili kwa Mkenya. Jijini Atlanta alikutana na Martin Luther King, ambaye baadaye alikubali kusaidia kugharamia masomo ya mwanafunzi Mkenya katika chuo cha Tuskegee, Alabama. Waafrika wa Kenya na weusi wa Marekani walijikuta wakisukuma mlango ule ule, maana miaka mitano tu ilikuwa imepita tangu Mahakama ya Juu ya Marekani iamue kwamba shule za umma zisibague wanafunzi kwa rangi.

Nafasi zilipatikana. Nauli ndiyo iliyokuwa kizingiti. Kijana angeweza kuwa na barua ya kukubaliwa mkononi na bado akabaki kijijini, kwa kuwa tikiti ya ndege ilizidi mapato ya ukoo mzima. Mboya na Scheinman waliamua kukodi ndege nzima. Shirika la kuwafadhili wanafunzi Waafrika likaundwa mwaka huo wa 1959, na mcheza besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier wakatia saini barua ya kuomba michango. Maelfu ya Wamarekani walituma walichokuwa nacho. Nairobi, Mboya pamoja na Dkt Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri walipitia maombi yaliyomiminika na kuwahoji vijana.

Mwaka uliofuata waombaji waliongezeka na fedha hazikutosha. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikataa kusaidia. Mnamo Julai 26, 1960, Mboya alimtembelea Seneta John F. Kennedy nyumbani kwake Hyannis Port, Massachusetts. Kennedy alikuwa ameteuliwa majuzi tu kuwania urais kwa tiketi ya chama cha Democratic, na alikuwa mwenyekiti wa kamati ndogo ya Seneti kuhusu Afrika. Wakfu wa familia yake ulikubali kutoa dola 100,000. Kambi ya Richard Nixon iliposikia, wizara ile ile iliyokuwa imekataa ikajitokeza ghafla na ahadi ya fedha, na Seneta mmoja wa Republican akamshutumu Kennedy hadharani kwa kutumia utajiri wa familia kujitafutia kura. Karo ya watoto wa Nyeri na Kisumu ikawa suala la kampeni ya urais wa Marekani.

Ndege za 1960 zilibeba vijana zaidi ya 200, wakiwemo wengine kutoka Tanganyika, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini na ya Kusini. Kufikia mwaka 1963, karibu wanafunzi 800 walikuwa wamefaidika. Miongoni mwao alikuwemo Wangari Muta, binti wa Nyeri aliyepelekwa chuo kidogo cha watawa mjini Atchison, Kansas, na ambaye ulimwengu ulimfahamu baadaye kama Profesa Wangari Maathai. Philip Ochieng, mwanahabari mashuhuri aliyefariki mwaka 2021, alikwenda Chicago kwa ndege ya kwanza. Pamela Odede, aliyeolewa na Mboya mwaka 1962, alisomea Ohio.

Kuna simulizi lililoenea kwamba Barack Obama, babake rais wa 44 wa Marekani, aliabiri ndege ya Mboya. Sivyo. Obama alikuwa rafiki wa Mboya, na alikwenda Hawaii mwaka huo huo wa 1959, ila kwa njia yake mwenyewe, akisaidiwa na Wamarekani waliofundisha kusoma na kuandika jijini Nairobi.

Maisha ng'ambo hayakuwa lelemama. Wengi walikuwa wamelipiwa masomo tu. Chakula, vitabu na koti la kujikinga na theluji vilikuwa juu yao, hivyo waliosha vyombo mikahawani na kufagia mabweni usiku ili wasome mchana. Waliopelekwa majimbo ya kusini walikutana na ubaguzi waliodhani wameuacha Nairobi.

Wala mpango wenyewe haukukosa dosari. Wapo waliolalamika kwamba Wajaluo na Wakikuyu walijaza ndege, huku Pwani, Kaskazini na jamii za wafugaji zikiambulia patupu. Wanawake walikuwa wachache. Lawama hizo zilikuwa na ukweli, ingawa chanzo chake kilitangulia orodha za Mboya. Mtu hapati cheti cha Cambridge pasipo shule ya upili, na shule hizo zilijengwa na wamishonari katika maeneo machache, aghalabu kwa ajili ya wavulana. Ndege iliweza kuwavusha waliokwama kwenye chujio la mwisho. Waliotolewa darasa la nne haikuwafikia. Kwa upande mwingine, Jaramogi Oginga Odinga naye alikuwa akiwatuma vijana Urusi na nchi nyingine za kisoshalisti. Ushindani wa vigogo hao wawili ulikuwa mchungu kisiasa, lakini kwa kijana aliyetafuta elimu ulimaanisha milango miwili badala ya mmoja.

Kenya ilipojinyakulia uhuru Desemba 1963, Mboya alikuwa amekwisha kushika Wizara ya Leba na alikuwa Waziri wa Sheria na Katiba. Mwaka 1964 alihamishiwa Mipango ya Uchumi. Waliorejea kutoka Marekani walijaza nafasi za Wazungu walioondoka wizarani, mahospitalini, katika vyumba vya habari na kwenye mihadhara ya chuo kipya cha Nairobi. Baadhi yao walisahau haraka vijiji vilivyouza ng'ombe ili wao wasafiri, na hilo nalo ni sehemu ya historia hii.

Jumamosi ya Julai 5, 1969, Mboya alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa kwenye Barabara ya Government, ambayo sasa ni Moi Avenue, jijini Nairobi. Alikuwa na umri wa miaka 38. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kifo kwa mauaji hayo, lakini swali la nani alimtuma halijajibiwa. Mboya alizikwa Rusinga.

Mwaka uliofuata, chuo cha Nairobi kilipandishwa hadhi kuwa chuo kikuu kamili. Mnamo 1971 kilimtunuku Wangari Maathai shahada ya uzamifu, mwanamke wa kwanza kuipata Afrika Mashariki na Kati.