Khabari za Mirambo wa Unyamwezi

Fahamu, ewe ndugu msomaji, ya kuwa adui hodari humfunza mtu mengi kuliko rafiki mvivu. Kwa hivyo tumeona si vibaya kueleza khabari za Mirambo, ingawa wazee wetu waliokwenda bara walilitaja jina lake kwa uchungu.

Alizaliwa kiasi cha mwaka 1840 katika ukoo wa watemi wa Uyowa, magharibi ya Tabora, akaitwa Mbula Mtelya. Mirambo ni jina la vita, maana yake maiti. Urithi wake ulikuwa nchi ndogo. Akajifunza vita vya Wangoni, akakusanya ruga-ruga, akipenda zaidi vijana wasio na wake, kwa wepesi wa viungo vyao na ukali wa macho.

Mwaka 1871 akaifunga njia ya Ujiji, akitaka hongo. Waarabu wa Tabora wakatoka kumpiga huko Wilyankuru, wakaliteka boma, wakarudi na pembe na watumwa. Mirambo alikuwa kajificha majanini kando ya njia. Akawaacha wafike hali wamelemewa na ngawira, ndipo akawaangukia. Aliyesoma khabari za Uhud hana haja ya kuelezwa zaidi. Mwezi ule ule wa Agosti akaingia Tabora, akachoma sehemu ya mji, na Khamis bin Abdallah akauawa. Seyyid Barghash akapeleka askari kutoka Unguja, wasimweze. Vita vikaendelea mpaka kiasi cha mwaka 1875.

Natuje katika nafsi yake. Stanley alipokutana naye Aprili 1876 alitazamia kumwona jambazi mkali. Akamkuta mtu mpole, wa sauti ya chini, amevaa kilemba na joho na viatu safi vya Kiarabu. Wazungu waliomjua wameandika kwamba hakunywa pombe. Na katika nchi ile pombe ndiyo ada ya kila karamu! Hakuwa Muislamu, wala hapana sheria iliyomkataza. Alijikataza mwenyewe, ili akili yake isimtoke katika kazi ya utawala. Nasi tuliokatazwa, tuseme kweli, ni wangapi kati yetu hupita nyuma ya nyumba kutafuta tembo la mnazi?

Hatumsifu kwa yote. Vijiji vingi vilichomwa kwa amri yake, na watu wengi wakatekwa. Tena nafsi yake aliimudu, lakini jeshi hakulimudu daima: mwaka 1880 watu wake waliwaua Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, na urafiki aliokuwa akiutafuta kwa Balozi wa Kiingereza huko Unguja ukaharibika. Hilo lilimgharimu kuliko kushindwa vitani.

Akashikwa na maradhi ya koo, akafa tarehe 2 Desemba 1884. Nduguye Mpandashalo akakalia kiti, na haikutimia miaka kumi, dola ile iliyokuwa imeenea pande zote za njia ya Ujiji ilikuwa imekwisha vunjika.