Dražen Petrović

Dražen Petrović (22 Oktoba 1964 – 7 Juni 1993) alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu kutoka Kroatia, aliyezaliwa wakati nchi hiyo ilikuwa sehemu ya Yugoslavia. Alicheza nafasi ya mlinzi. Anakumbukwa hasa kwa kuiongoza timu ya Cibona ya Zagreb kutwaa Kombe la Mabingwa wa Ulaya mara mbili mfululizo, mwaka 1985 na 1986. Baadaye alikuwa miongoni mwa wachezaji wa kwanza kutoka Ulaya kung'ara katika ligi ya NBA nchini Marekani.

Maisha ya awali

Petrović alizaliwa Šibenik, mji ulio kwenye pwani ya Bahari ya Adria. Baba yake alikuwa polisi na mama yake alifanya kazi ya maktaba. Kaka yake, Aleksandar, alitangulia kucheza mpira wa kikapu, na mdogo akamfuata. Tangu utotoni alijulikana kwa bidii yake: alifika uwanjani alfajiri kabla ya masomo na kufanya mazoezi ya kutupa mpira mamia ya mara.

Akiwa na umri wa miaka 15 aliingia katika kikosi cha kwanza cha Šibenka, timu ya mji wake. Aliifikisha fainali ya Kombe la Korać mwaka 1982 na 1983, lakini mara zote mbili ilifungwa na Limoges ya Ufaransa.

Mwaka 1983 Šibenka ilikutana na Bosna ya Sarajevo katika mchezo wa kuamua ubingwa wa Yugoslavia. Petrović alifunga mitupo huru miwili mwishoni na timu yake ikashinda kwa pointi 83 kwa 82. Mji ulisherehekea usiku ule, lakini kesho yake shirikisho lilifuta matokeo kwa sababu ya uamuzi wa refa na kuagiza mchezo urudiwe. Šibenka ilikataa, na ubingwa ukapewa Bosna. Hivyo Petrović aliondoka Šibenik bila taji la ligi.

Cibona na Kombe la Mabingwa wa Ulaya

Baada ya mwaka mmoja wa utumishi wa lazima jeshini, Petrović alijiunga na Cibona mwaka 1984, akacheza pamoja na kaka yake. Cibona ilikuwa haijawahi kuwa bingwa wa Ulaya.

Kombe la Mabingwa, ambalo ndilo chimbuko la EuroLeague ya leo, lilikuwa na utaratibu mgumu katika miaka hiyo. Timu sita zilizovuka raundi za mwanzo ziliwekwa katika kundi moja, na kila timu ilicheza na kila mwenzake nyumbani na ugenini, jumla ya michezo 10. Mbili za juu ndizo zilizoingia fainali, iliyochezwa mara moja tu katika mji usio wa yeyote kati yao. Timu iliweza kufanya vizuri majira yote ya baridi, kisha ikapoteza kila kitu kwa dakika 40. Mwaka 1984 pia ndipo mtupo wa pointi tatu ulipoanza kutumika katika mashindano ya kimataifa, na sheria hiyo mpya ilimfaa sana Petrović, aliyekuwa hodari wa kufunga kutoka mbali.

Fainali ya mwaka 1985 ilichezwa Athens, Ugiriki, dhidi ya Real Madrid ya Hispania. Cibona, chini ya kocha Mirko Novosel, ilishinda 87 kwa 78. Petrović, aliyekuwa na umri wa miaka 20, alifunga pointi 36.

Mwaka uliofuata fainali ilifanyika Budapest, Hungaria. Safari hii mpinzani alikuwa Žalgiris ya Kaunas, iliyotegemea kimo na nguvu za Arvydas Sabonis. Petrović alifunga pointi 22, pungufu ya mwaka uliotangulia, lakini wenzake walijaza pengo. Sabonis alitolewa nje baada ya kumpiga mchezaji wa Cibona, na Cibona ikashinda 94 kwa 82.

Petrović hakupendwa na wote. Alizoea kushangilia mbele ya wapinzani na kuwachokoza, na mashabiki wa timu nyingine walimzomea. Hata hivyo Real Madrid, iliyoumizwa naye mara kadhaa, ilimsajili mwaka 1988. Mwaka 1989 aliipa Kombe la Washindi wa Ulaya kwa kufunga pointi 62 katika fainali dhidi ya Caserta ya Italia, mchezo uliomalizika 117 kwa 113 katika muda wa nyongeza.

NBA na timu ya taifa

Mwaka 1989 alihamia Portland Trail Blazers, ambako alikaa benchi muda mrefu. Mambo yalibadilika alipohamia New Jersey Nets mwaka 1991. Katika msimu wa 1992–93 alikuwa na wastani wa pointi 22.3 kwa mchezo.

Akiwa na Yugoslavia alikuwa bingwa wa Ulaya mwaka 1989 na bingwa wa dunia mwaka 1990. Nchi hiyo ilipovunjika kwa vita, timu nayo ilisambaratika, na urafiki wake na Mserbia Vlade Divac ukafa bila kupatana tena. Katika Olimpiki ya 1992, Barcelona, aliiongoza Kroatia hadi fainali, ikapata medali ya fedha nyuma ya Marekani.

Kifo na kumbukumbu

Tarehe 7 Juni 1993, akirejea kutoka mashindano ya kufuzu yaliyofanyika Poland, Petrović aliachana na wenzake waliokuwa wakisafiri kwa ndege, akapanda gari nchini Ujerumani. Karibu na Denkendorf, Bavaria, gari hilo liligonga lori barabarani wakati wa mvua. Petrović, aliyekuwa abiria, alifariki akiwa na umri wa miaka 28. Alizikwa katika makaburi ya Mirogoj, Zagreb.

Ukumbi wa Cibona ulipewa jina lake mwaka huohuo, na New Jersey Nets waliistaafisha jezi yake namba 3. Mwaka 2002 aliingizwa katika Jumba la Heshima la Naismith nchini Marekani. Zagreb ina makumbusho yake, karibu na ukumbi wa Cibona.