Sam Joseph Ntiro: Mwanafunzi Aliyechora Kwao Akiwa Ugenini

Mwanafunzi wa sanaa anaporejea nyumbani Mwakirunge, huko Kisauni katika bara ya kaskazini ya Mombasa, aghalabu huhisi kwamba sanaa yenyewe ameiacha chuoni. Mwalimu yuko mbali, rangi ni ghali, na mbele ya macho yake imesimama minazi na miembe ileile aliyoizoea tangu utotoni, pamoja na jaa linalopokea taka za mji. Hujiuliza kama hapo pana jambo la kuchorwa. Makala haya yanakusudia kumjibu kwa kusimulia maisha ya marehemu Sam Joseph Ntiro, mchoraji na mwalimu ambaye alilazimika kukabiliana na swali hilo kwa njia ya kinyume: yeye alikuwa katika chuo mashuhuri, na kilichokuwa mbali ni nyumbani.

Ntiro alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Alikulia katika nchi ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo ambamo migomba na mibuni humea bega kwa bega, na mifongo ya maji iliyochimbwa na mababu hunywesha mashamba hayo. Wakati Wachagga walipoasisi chama chao cha ushirika cha kahawa, KNCU, mwaka 1933, yeye alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi. Kazi ya pamoja, iwe ya kulima, kuvuna au kukata kuni, ilikuwa ndiyo sura ya maisha aliyoijua kwanza, na ndiyo iliyokuja kutawala picha zake hadi mwisho.

Katika miaka ya 1940 alijiunga na Chuo cha Makerere, Kampala. Huko sanaa ilikuwa ikifundishwa na Bi Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanza na darasa dogo nyumbani kwake katika miaka ya 1930. Mwalimu huyu alikuwa na njia yake ya kufundisha. Badala ya kuwawekea wanafunzi picha za Ulaya waziige, aliwasimulia tukio kwa maneno, kisha kila mmoja akachora alichokiona moyoni. Kwa hiyo Ntiro alifunzwa mapema kwamba picha huanzia katika kumbukumbu na masimulizi kabla ya kufika mkononi. Alipomaliza masomo hakwenda mbali. Alibaki Makerere akawa mwalimu.

Jaribio kubwa lilikuja mwaka 1952. Akiwa tayari ni mwalimu, alivuka bahari kwenda London kuwa mwanafunzi tena katika Chuo cha Slade, ambako Bi Trowell mwenyewe alikuwa amesoma zamani. Alikaa huko hadi mwaka 1955. Slade ilisifika kwa uchoraji wa mwili wa binadamu kutoka kwa kielelezo hai, kwa vipimo sahihi na mchezo wa mwanga na kivuli. Ni rahisi kuwaza hatari iliyomkabili kijana kutoka Machame katika mahali kama hapo. Angeweza kuondoka na mkono hodari usiokuwa na jambo la kusema, au angeweza kukata tamaa na kuweka brashi chini.

Ntiro hakufanya lolote kati ya hayo. Akiwa ugenini aliendelea kuchora Uchagga. Watu wake ni wadogo, wamechorwa kwa maumbo mepesi, na huonekana katika makundi wakifanya kazi au sherehe huku vilima na migomba vikiwazunguka. Kivuli ni kidogo na umbali haupimwi kwa kanuni za Kizungu. Baadhi ya wahakiki wameuita mtindo huo wa kitoto, kana kwamba miaka ya Slade ilipita bure. Hata hivyo, mtu aliyefundisha sanaa kwa miaka kadhaa kabla ya safari hiyo hakukosa kufahamu alichokuwa akifundishwa. Yamkini ni haki zaidi kusema kwamba alichagua.

Kwetu sisi wanafunzi wa Kiswahili, lipo jambo jingine la kipindi hicho ambalo halipasi kusahauliwa. Mwaka 1953, Ntiro akiwa bado mwanafunzi London, kitabu chake Desturi za Wachagga kilichapishwa Nairobi na Eagle Press. Kilikuwa kitabu cha Kiswahili kuhusu mila za watu wake. Hatuna haja ya kudai kwamba kitabu hicho ndicho kilichozaa picha zake. Yatosha kuona kwamba katika miaka ileile mtu huyo mmoja aliishughulikia mada ileile kwa njia mbili, kwa lugha na kwa rangi. Aliyeketi na kupanga desturi kwa maneno hakukosa cha kuchora aliposhika brashi.

Ushahidi ulionekana mwaka mmoja baada ya masomo hayo. Mnamo 1956 alichora picha ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi wakati wa usiku. Kwa Wachagga mbege, pombe ya ndizi na ulezi, ni sehemu ya makubaliano ya ndoa. Bila hiyo koo mbili hazijazungumza. Mwaka 1960 picha hiyo ilinunuliwa na Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York, mojawapo ya majumba makubwa ya aina yake duniani. Picha iliyofika huko haikuwa ya London wala ya kielelezo cha darasani. Ilikuwa habari ya posa ya kijijini.

Baada ya London Ntiro aliendelea kufundisha Makerere. Mwaka 1958 alimwoa Bi Sarah Nyendwoha wa Uganda, mwanamke aliyekuwa amehitimu Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1954 na ambaye kwa haki yake mwenyewe ana nafasi katika historia ya elimu ya Afrika Mashariki. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Ntiro aliteuliwa kuwa Balozi wake nchini Uingereza, akarudi kama mjumbe wa taifa huru katika jiji alilolijua akiwa mwanafunzi. Alishika wadhifa huo hadi 1964. Baadaye aliitumikia Tanzania katika uongozi wa masuala ya utamaduni, kisha akafundisha sanaa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki dunia mwaka 1993.

Si kwamba kazi yake haina kasoro. Kijiji cha Ntiro ni kitulivu mno. Ni nadra kuona humo ugomvi wa ardhi, kodi au mkono wa mkoloni. Umbali humsafishia mtu kwao, na anayekumbuka kutoka mbali huenda asione vumbi. Hapo ndipo mwanafunzi aliye nyumbani Mwakirunge anapomzidi, kwa kuwa yeye vumbi analiona. Tembo la mnazi nalo lina nafasi yake katika posa za Wamijikenda kama ilivyo mbege kule Machame; mgema angali anapanda mnazi, na jaa lipo pale lilipo likiwa na watu wanaochakura riziki zao humo. Yote hayo ni mada.

Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Ntiro alipewa kila sababu ya kuiacha, naye akaishika, akaiandika kwa Kiswahili na kuichora. Mwanafunzi aliye likizoni na aanzie hapo: aandike kwanza desturi moja ya kwao, kisha atafute rangi.