Burt Munro na Sadaka za Vyuma Vilivyovunjika

Katika gereji nyingi za pikipiki mjini Voi, zile zilizo kando ya barabara kuu ya Mombasa na zile za njia ielekeayo Mwatate na Taveta, hapakosekani kopo au kasha la vipuri vilivyovunjika. Humo mna pistoni iliyotoboka, ringi zilizokatika na gia zilizong'oka meno. Aghalabu vitu hivi huhesabiwa kuwa takataka, vikauzwa kwa kilo kwa wachuuzi wa vyuma chakavu. Palikuwa na mzee mmoja nchini New Zealand ambaye vitu vya namna hiyo alivipanga rafuni kwa heshima, akaandika maneno ya kuarifu kwamba hizo ndizo sadaka zake kwa mungu wa kasi. Mzee huyo ni hayati Burt Munro. Maisha yake yalitengenezewa filamu mwaka 2005, na Anthony Hopkins akaigiza nafasi yake, lakini filamu hupenda mbio kuliko karakana. Mimi ningependa, mpenzi msomaji, tukae kidogo katika karakana.

Herbert James Munro alizaliwa tarehe 25 Machi 1899 karibu na mji wa Invercargill, kusini kabisa mwa nchi ile. Alizaliwa pacha, dada yake alikufa wakati wa kuzaliwa, na wazazi wakaambiwa kwamba huyu aliyesalia naye hangefikia umri wa miaka miwili. Alikulia shambani, na baba yake alitaraji kuwa angeishika kazi ya shamba. Kijana hakuwa na moyo huo. Alipenda chochote kilichokwenda kwa kasi, kuanzia farasi.

Mwaka 1920 alinunua pikipiki mpya aina ya Indian Scout, iliyoundwa Springfield nchini Marekani. Injini yake ilikuwa ya silinda mbili, yenye ujazo wa sentimita 600, na mwendo wake wa juu kabisa ulikuwa kilomita 89 kwa saa. Pikipiki nyingi zinazobeba abiria wa Voi leo zina injini za sentimita 100 hadi 150 tu, na hufikia mwendo usio mbali sana na huo. Mwaka 1926 Munro akaanza kuibadilisha. Hakuacha kuibadilisha kwa zaidi ya miaka arobaini.

Mchana aliuza na kutengeneza pikipiki za watu. Usiku alikuwa na yake. Fedha za kuagiza vipuri maalumu hazikuwapo, na hata zingalikuwapo, hapakuwa na kiwanda kilichotengeneza alichokitaka. Kwa hiyo alijitengenezea. Aliyeyusha madini na kusubu pistoni zake mwenyewe, akitumia makopo ya zamani kuwa kalibu. Mabomba chakavu ya gesi aliyageuza kuwa silinda. Ekseli ya trekta, chuma cha namna ile ile inayobeba matrekta ya mashamba ya mkonge kule Mwatate, aliikata na kuichonga kwa mkono hadi ikawa konrodi, yaani mikono inayounganisha pistoni na mtaimbo wa injini, kisha akaikaza kwa moto. Spoku ya zamani ndiyo iliyokuwa kipimo chake. Vali zilizokuwa ubavuni mwa silinda alizihamishia juu, kazi ambayo maana yake ni kuiunda injini upya, si kuirekebisha.

Hapa naomba radhi niingize taaluma yangu. Naona wanafunzi wanaoamini kwamba Kiswahili hakiwezi kuizungumzia mitambo bila kuazima kila neno. Lakini hebu tazama aya iliyotangulia. Kusubu, kalibu, kuyeyusha, kuchonga, kukaza chuma kwa moto: haya ni maneno ya wahunzi wetu, na yalikuwapo kabla ya pikipiki ya kwanza kukanyaga mwambao. Ongeza tupa, tindo, jiriwa na mvukuto. Tulichoazima ni majina ya vitu vilivyokuja na majina yake: pistoni, silinda, kabureta, klachi. Majina ya kazi yenyewe, ambayo ndiyo elimu, tulikuwa nayo. Tatizo ni kwamba maneno haya yamehama darasani yakabaki gereji, na mwanafunzi akisikia fundi akiyatamka huyadhania kuwa lugha ya watu waliofeli mtihani.

Munro hakusomea uhandisi chuoni. Hata hivyo, alichokifanya ni utafiti, kwa maana kamili ya neno hilo. Kifaa kilipovunjika alikitazama mahali kilipovunjikia. Kama ufa ulianzia kwenye kona kali, kifaa kilichofuata kilikuwa na kona ya duara. Kama pistoni iliyeyuka kileleni, basi mchanganyiko wa hewa na mafuta, au joto, au wakati wa cheche, kimojawapo kilikuwa na kasoro. Ndiyo maana rafu ile ya sadaka haikuwa mzaha mtupu. Ilikuwa maktaba yake. Injini ilimpasukia mara nyingi, na kila ilipopasuka alirudi kwenye tupa.

Ni haki kusema pia gharama yake. Alioa mwaka 1927, akajaliwa watoto wanne. Ndoa ikavunjika mwaka 1947. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1940 aliacha kazi ya mshahara, akaishi gerejini pamoja na mashine zake: hiyo Indian, na nyingine aina ya Velocette ya mwaka 1936 ambayo nayo aliifanyia mabadiliko. Waandishi wengi hulisifu jambo hili kana kwamba nyumba iliyovunjika ni kipuri kimojawapo cha ushindi. Mimi silisifu. Nalitaja kwa kuwa lilitokea.

Mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka 63 na tayari akisumbuliwa na moyo, alivuka bahari na kuipeleka pikipiki yake kwenye tambarare ya chumvi ya Bonneville, katika jimbo la Utah nchini Marekani. Injini ilikuwa imepanuliwa hadi ujazo wa sentimita 850, na mwili mzima wa pikipiki ulivikwa ganda lenye umbo la samaki ili upepo upite bila kuikamata. Alivunja rekodi ya dunia ya daraja lake kwa mwendo wa kilomita 288 kwa saa. Alirudi mara kadhaa, na mwaka 1966 akaweka rekodi nyingine. Tarehe 26 Agosti 1967, akiwa na miaka 68, juu ya pikipiki yenye miaka 47 ambayo injini yake sasa ilikuwa na ujazo wa sentimita 950, aliandikishiwa wastani wa kilomita 295.45 kwa saa. Katika mbio za kufuzu, upande mmoja tu, aligusa kilomita 305.89.

Mwalimu wa fizikia asiiache Bonneville ipite hivi hivi. Tambarare ile iko takriban mita 1,280 juu ya usawa wa bahari, urefu unaokaribiana na wa Wundanyi. Katika kimo hicho hewa imepungua uzito kwa karibu sehemu moja ya nane ikilinganishwa na ya Mombasa, na injini isiyopata hewa ya kutosha haiwezi kuchoma mafuta ya kutosha. Mwendeshaji wa bodaboda anayepanda kutoka Mwatate hadi Wundanyi huuona mteremko tu kuwa adui, kumbe hata hewa yenyewe imemwibia nguvu kidogo.

Dawa ya upungufu huo ilijulikana tangu 1905, pale Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alipopata hataza ya chombo ambacho mafundi wetu hukiita tabo. Ukitaka kukieleza kwa Kiswahili cha wahunzi, tabo ni mvukuto unaozungushwa na moshi wa injini yenyewe: moshi unaotoka unasukuma gurudumu la mapanga, gurudumu hilo linazungusha jingine, nalo linashindilia hewa ndani ya silinda. Ule mluzi wa malori yanayopita Voi yakielekea Nairobi ndio sauti yake. Injini ya Munro haikuwa na tabo. Ilivuta hewa ile nyepesi kwa mapafu yake tu, na rekodi zote zilipatikana hivyo.

Siku hizi wapo vijana, hapa petu na kwingineko, wanaotamani kuchukua pikipiki kuukuu, kuifunga tabo iliyotolewa kwenye gari dogo, na kuikamilisha kwa vipuri vya pikipiki nyingine tatu. Jambo hilo linawezekana, na wapo waliolifanya duniani. Lakini aliyesoma maisha ya Munro atauliza maswali kabla ya kushika spana. Je, konrodi za zamani zitastahimili shinikizo jipya? Uwiano wa mgandamizo umepunguzwa, au pistoni zitatoboka siku ya kwanza? Mhimili wa tabo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Mafuta ya kuulainisha yatatoka wapi katika injini ambayo pampu yake iliundwa kwa kazi ndogo? Na breki, zilizokusudiwa mwendo wa kilomita 80, zitasimamisha nini? Kampuni kubwa za Japani zenyewe, Honda, Yamaha, Suzuki na Kawasaki, zilitoa pikipiki za tabo mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kabla ya mwongo huo kwisha zikaziondoa sokoni, kwa kuwa zilikuwa ghali, nzito, na nguvu zake zilichelewa kisha zikaja kwa ghafla. Tena Munro alitafuta rekodi zake kwenye uwanja wa chumvi uliopimwa, wenye wasimamizi, si kwenye barabara ya Mombasa penye malori na watoto wa shule. Kijana asiyeiona tofauti hiyo hajamwelewa.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 uliahidi kumrudisha fundi darasani. Baadaye masomo ya ufundi yakapunguzwa, karakana nyingi za shule zikageuzwa stoo, na Mtaala wa Umilisi ulioanza mwaka 2017 umekuja na ahadi inayofanana. Mwalimu wa Voi hana haja ya kungoja mashine kutoka Nairobi. Kopo la vipuri vilivyovunjika katika gereji ya jirani ni kifaa cha kufundishia kisicho na bei. Mpe kila mwanafunzi pistoni moja iliyotoboka, umwambie aandike kwa Kiswahili sanifu ukurasa mmoja wa kueleza ilitoboka kwa nini. Nadhani insha hiyo ingekuwa na faida kuliko insha nyingine moja kuhusu sherehe niliyoihudhuria.

Munro alifariki dunia tarehe 6 Januari 1978, akiwa na umri wa miaka 78. Pikipiki yake ilibaki Invercargill, na watu huitembelea hadi leo. Mwaka 2014, miaka 36 baada ya mazishi, mwanawe aitwaye John aliyakagua mahesabu ya mwaka 1967 akagundua kwamba wastani wa zile mbio mbili ulikokotolewa vibaya. Chama cha pikipiki cha Marekani kikarekebisha kumbukumbu zake, na rekodi ikapanda hadi kilomita 296.26 kwa saa.